Jibini na mursik: Safari ya siku mbili kutoka Limuru hadi Eldoret

KWA Wakenya wengi, maziwa ni kitu cha kutia kwenye chai. Yasipoishia katika sufuria ya chai, huachwa yakagande yawe mala, au husukwasukwa yakatoa siagi na samli. Jibini, ambayo ni maziwa yaliyogandishwa, yakakamuliwa maji na kuhifadhiwa, bado huhesabiwa na wengi kuwa chakula cha hoteli kubwa na cha wageni.

Hata hivyo, anayesafiri kwa gari kutoka Nairobi hadi Eldoret, mwendo wa takriban kilomita 310, hukatiza katikati ya nchi ya ng'ombe wa maziwa. Katika muda wa siku mbili anaweza kuonja jibini ya Limuru, samaki wa Naivasha, nyama ya kondoo ya Molo na mursik ya Uasin Gishu. Makala haya yanaeleza njia hiyo, vyakula vinavyopatikana humo, namna vinavyotengenezwa na mambo ambayo msafiri hana budi kuyazingatia.

Safari yenyewe si ya kujaza tumbo tu. Kenya huzalisha zaidi ya lita bilioni 5 za maziwa kwa mwaka, na sehemu kubwa hutoka kwa wakulima wadogo wenye ng'ombe wawili au watatu. Lakini maziwa hayangoji mtu. Mvua inyeshapo na majani kusitawi, mkulima hukama kuliko anavyoweza kuuza. Barabara ikikatika au gari la kuchukua maziwa lisipofika, jasho lake humwagwa shimoni. Vyakula vyote vya maziwa vitakavyotajwa hapa, vya kienyeji na vya kigeni, vilibuniwa kujibu tatizo hilo moja: maziwa yatadumuje hadi kesho?

Mgeni aliyezoea

Neno jibini lilitujia kutoka Kiarabu, ambako husemwa jubn. Chakula chenyewe, kwa kiasi kinachotengenezwa leo katika nyanda za juu, kililetwa na walowezi wa Kizungu mwanzoni mwa karne ya 20.

Mwanzo wao haukuwa mwepesi. Lord Delamere, aliyepewa ardhi kubwa katika eneo la Njoro, aliagiza kondoo na ng'ombe wa kigeni, na wengi wakafa kwa maradhi na kwa kula majani ya udongo uliokosa madini muhimu. Ufugaji ulipotengemaa, walowezi walianzisha shirika la Kenya Co-operative Creameries (KCC) mnamo 1925 ili kuchakata na kuuza maziwa yao. Mkulima Mwafrika alisubiri hadi Mpango wa Swynnerton wa 1954 ndipo akafunguliwa mlango wa kilimo cha biashara, ukiwamo ufugaji wa ng'ombe wa gredi.

Waliosoma shule za msingi miaka ya themanini wanakumbuka maziwa ya Nyayo, mpango wa serikali ulioanza 1979. Kwa miaka hiyo soko la mkulima lilikuwa la hakika. Kisha biashara ya maziwa ikafunguliwa kwa washindani mwaka wa 1992, KCC ikalemewa na madeni, na wakulima wengi wakabaki wakidai malipo ya maziwa waliyokwisha kupeleka. Shirika hilo liliuzwa mwaka wa 2000, likarudishwa mikononi mwa serikali mwaka wa 2003 na kuitwa New KCC. Funzo lililobaki vijijini ni kwamba mwenye maziwa mabichi pekee yuko chini ya rehema ya mnunuzi.

Lakini kwa nini jamii za wafugaji, zilizoishi na ng'ombe tangu jadi, hazikutengeneza jibini ngumu? Sababu moja si vigumu kuiona. Kigandishi cha asili cha jibini, yaani reneti, hutolewa katika tumbo la ndama anayenyonya. Ng'ombe wa kienyeji naye kwa kawaida hateremshi maziwa pasipo ndama wake kuwa karibu. Kumchinja ndama ili kugandisha maziwa kungekuwa sawa na kuziba chemchemi ili kujaza mtungi. Wafugaji walichagua njia nyingine: kuchachusha maziwa katika kibuyu.

Siku ya kwanza: Limuru, Naivasha, Nakuru

Kituo cha kwanza ni Limuru, mwendo wa chini ya saa moja kutoka Nairobi iwapo barabara haina msongamano. Huko ndiko chai ilikopandwa nchini kwa mara ya kwanza, mwaka wa 1903, na mashamba ya Tigoni yangali ya kijani kibichi. Ni nchi ya baridi na ukungu, hali inayomfaa ng'ombe wa maziwa na vilevile inayofaa kuivisha jibini.

Mwaka wa 1979 familia ya Brown ilianza kutengeneza jibini nyumbani Limuru, na kampuni yao imekuwa miongoni mwa watengenezaji wanaojulikana zaidi nchini. Hupokea wageni wa kuonja na kutazama kazi kwa miadi, hivyo msafiri asifike bila kupiga simu mapema.

Anayetazama kazi hiyo kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi ilivyo rahisi kueleza na ngumu kutenda. Maziwa hupashwa moto kwanza ili kuua viini, ama kwa nyuzi 63 kwa nusu saa au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Yakishapoa hadi kiasi cha nyuzi 30, hutiwa chachu ya bakteria, kisha reneti. Baada ya muda mfupi huwa yameganda kama uji mzito uliopoa. Hapo hukatwakatwa kwa visu virefu ili maji yajitenge, yakachujwa, na mabonge yanayosalia kutiwa chumvi na kushindiliwa katika vyombo vya kuyapa umbo.

Kinachofuata ni subira. Jibini laini kama feta na mozzarella huweza kuliwa baada ya siku chache. Gouda huhitaji takriban mwezi mmoja au zaidi, na cheddar miezi mitatu au hata mwaka mzima. Jibini ya buluu hutiwa ukungu maalumu usiodhuru, kisha hudungwa kwa sindano ndefu ili hewa ipenye na ukungu huo usambae ndani. Kila siku inayopita huongeza ladha, lakini pia huongeza gharama, kwa kuwa fedha za mtengenezaji zimelala rafuni.

Kipimo cha kukumbuka ni hiki: lita 10 za maziwa hutoa kiasi cha kilo moja ya jibini ngumu. Zile lita tisa za majimaji zinazobaki si taka. Hutengenezewa ricotta, hulishwa nguruwe au hutumiwa katika vyakula vingine. Mnunuzi anayelalamikia bei ya jibini afanye hesabu hiyo kwanza.

Kutoka Limuru, barabara ya juu hupita Kimende na Soko Mjinga, ambako akina mama huuza kabichi, viazi, karoti, njegere na matunda ya msimu kwa wingi. Hapa ndipo pa kununua viazi vya mukimo. Aidha hapa ndipo pa kupunguza mwendo, maana ukungu wa Kinale huweza kumficha hata lori lililo mbele yako.

Chakula cha mchana kinafaa kuliwa Naivasha, takriban kilomita 90 kutoka Nairobi. Samaki wa ziwa hilo ana historia inayofanana na ya jibini, kwani wengi wanaovuliwa humo ni wageni. Bass mwenye mdomo mpana aliletwa kutoka Marekani mwaka wa 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Kamba wa maji baridi, naye wa asili ya Marekani, aliingizwa mwaka wa 1970, na kapi akaanza kuonekana ziwani mwaka wa 2001. Leo kapi na tilapia hukaangwa katika vibanda vya Karagita na Kamere, vikaandaliwa kwa ugali na sukumawiki, na hakuna anayeuliza walitoka wapi.

Naivasha pia kuna Taasisi ya Mafunzo ya Maziwa, chuo cha serikali kinachofundisha uchakataji wa maziwa, ikiwemo jibini. Kijana mwenye nia ya kuingia biashara hii, au kikundi cha wakulima kinachotaka kuacha kuuza maziwa mabichi pekee, kinafaa kuanza kuulizia huko kabla ya kununua mtambo wowote.

Kati ya Naivasha na Gilgil kuna vituo vya kando ya barabara vinavyouza maziwa, mala na yogati, na ni desturi ya wasafiri wa magharibi mwa nchi kusimama hapo. Baada ya kupita Ziwa Elementaita, msafiri huingia Nakuru, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021. Hapa panafaa kwa malazi. Jioni, nyama choma na mutura hazikosekani, na aliyebeba kipande cha jibini ya Limuru aikate vipande vyembamba ayayushe juu ya kiazi cha kuchoma kutoka Soko Mjinga. Vitu viwili vilivyokua kwenye ukungu mmoja huafikiana vyema.

Siku ya pili: Njoro, Molo, Timboroa, Eldoret

Kutoka Nakuru kuna njia mbili za kufika Mau Summit. Ya kwanza ni barabara kuu inayopita Salgaa na Sachangwan, mteremko uliopata sifa mbaya kwa ajali za malori. Ya pili huchepuka kupitia Njoro, Elburgon na Molo. Hii ya pili ina vijiji vingi na huenda ikachukua muda zaidi, lakini kwa safari ya chakula ndiyo inayofaa.

Njoro ndiko kilikoanzia chuo kikuu cha Egerton, kilichoasisiwa kama shule ya kilimo mwaka wa 1939. Chuo hicho kina idara ya maziwa ambayo imefunza wataalamu wengi wanaosimamia viwanda vya maziwa nchini. Ardhi ile ile iliyowaua kondoo wa Delamere sasa ni darasa la ufugaji.

Molo hujulikana kwa mambo mawili: viazi na kondoo. Baridi yake huwafanya kondoo wawe na nyama laini yenye mafuta ya kiasi, na wachomaji wa mjini humo huichoma polepole. Msafiri ajihadhari na papara. Nyama ya kondoo ikiharakishwa hukauka nje ikabaki mbichi ndani.

Baada ya Mau Summit barabara hupanda kuelekea Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na karibu na hapo hukatiza mstari wa Ikweta. Ni nadra kutetemeka kwa baridi ukiwa Ikweta, lakini Timboroa hilo ni jambo la kila asubuhi. Chai ya maziwa yenye tangawizi kwenye kibanda chochote hapo ina thamani kuliko koti.

Eldoret ilipewa hadhi ya jiji mnamo Agosti 15, 2024. Wazee bado huiita Sisibo, kutokana na neno la Kiingereza la namba 64, kwa kuwa mji ulianza katika shamba lililoandikishwa kwa namba hiyo. Huko ndiko kuna kiwanda cha Doinyo Lessos, ambacho kwa miongo mingi kimetengeneza jibini za aina nyingi na kuziuza kwa wapishi wa hoteli, wakazi na wasafiri. Kwa wengi wa eneo hilo, hapo ndipo walipoonja jibini kwa mara ya kwanza maishani.

Mursik: Jibu la mwenyeji

Haifai kufika Eldoret na kuondoka bila kunywa mursik, maziwa yaliyochachushwa ya jamii za Wakalenjin. Ndiyo hupewa wanariadha wanaporejea na ushindi, wakanyweshwa kwenye kibuyu uwanjani mwa ndege, na hakuna sherehe ya harusi, jando au makaribisho inayokamilika bila hiyo.

Kazi huanza kwa kibuyu, kiitwacho sotet. Huoshwa, husuguliwa ndani kwa kifaa maalumu kiitwacho sosiot, kisha hukaushwa. Kijiti cha mti wa senetwet huchomwa hadi kiwe kaa la moto, na kaa hilo husagwa ndani ya kibuyu hadi kuta zake zote zifunikwe na masizi laini. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa humo, kibuyu kikafunikwa na kuwekwa mahali penye ubaridi. Baada ya siku kadhaa, au hata majuma, maziwa huwa yameganda na kupata rangi ya kijivu inayokaribia buluu. Hutikiswa kabla ya kumiminwa, na huliwa pamoja na kimyet, yaani ugali, hasa wa wimbi, na mboga za kienyeji kama vile isagek.

Msafiri aliyeonja jibini ya buluu Limuru ataona ukoo uliopo. Katika vyakula vyote viwili, viumbe visivyoonekana kwa macho huachiwa kazi ya kuyageuza maziwa, na mwenye chakula hujua kwa uzoefu wakati wa kuvizuia. Tofauti ni kwamba ujuzi wa jibini umeandikwa vitabuni na kufundishwa vyuoni, ilhali ujuzi wa sotet umo mikononi mwa akina mama na nyanya. Leo mursik nyingi ya mijini huuzwa katika chupa na mitungi ya plastiki, na vijana wengi hawajawahi kukisafisha kibuyu kwa kaa. Ujuzi usiorithishwa hufa na mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo heshima ya mila haipaswi kutufanya tulifumbie macho. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013 ulipata pombe pamoja na kemikali iitwayo asetaldehaidi katika sampuli za mursik, na kemikali hiyo huhusishwa na saratani. Watafiti waliipima kwa sababu saratani ya umio imeenea magharibi mwa Kenya, wakasema huenda mursik ikawa mojawapo ya sababu. Hawakuthibitisha kuwa ndiyo inayosababisha ugonjwa huo. Hii si hukumu ya kukipasua kibuyu, bali ni hoja ya kukisafisha vyema, kutoacha maziwa yakachacha kupita kiasi, na kwa wanasayansi wetu kutafuta chachu salama itakayolinda ladha na afya kwa pamoja.

Kwa mwenye siku ya tatu

Anayeweza kuendelea mbele kupitia Kitale hadi Kapenguria ataingia nchi ya Wapokot. Huko maziwa ya kibuyu huchanganywa na jivu la mti uitwao cromwo, yakawa na rangi ya kijivu na ladha ya moshi. Maziwa hayo yametambuliwa na shirika la kimataifa la Slow Food miongoni mwa vyakula vya asili vinavyostahili kulindwa.

Na wazo la jibini kama mkombozi wa mfugaji si ndoto tupu. Katika milima ya Masisi, mkoa wa Kivu Kaskazini nchini Congo, wafugaji wanaozungumza Kiswahili kama sisi hutengeneza magurudumu ya jibini kwa ujuzi ulioachwa na wamisionari Wakatoliki kutoka Ulaya. Barabara za huko ni mbovu kiasi kwamba maziwa mabichi yangeharibika kabla ya kufika Goma. Jibini hufika, na nyingine husafirishwa hadi Kinshasa. Vita vya miaka mingi, vilivyofikia hatua ya Goma kutekwa na waasi wa M23 Januari 2025, vimewapokonya wafugaji wengi mifugo na malisho. Hata hivyo, jibini ya Masisi ingali ikitajwa kila palipo na Wakongomani.

Mambo ya kuzingatia

Viwanda na taasisi nyingi hazifanyi kazi Jumapili. Anayetaka kuona kazi ikifanyika Njoro au Eldoret aondoke Nairobi Alhamisi au Ijumaa, au alale Eldoret hadi Jumatatu. Wote wapige simu mapema.

Beba sanduku la barafu. Jibini ngumu hustahimili safari ya siku moja ikifungwa kwa karatasi ya nta, lakini mozzarella, feta na yogati hazistahimili joto la Bonde la Ufa.

Usinywe maziwa mabichi yasiyochemshwa, hata ukiambiwa ng'ombe ni mzima. Ugonjwa wa bruselosisi huambukizwa kwa njia hiyo. Wajawazito waepuke jibini laini ambayo haijulikani kama maziwa yake yalipashwa moto.

Ukialikwa nyumbani kwa mtu kunywa mursik, pokea kibuyu au kikombe kwa mikono miwili na unywe kabla ya kuuliza maswali. Kukataa bila sababu ni kumdharau mwenye nyumba. Mwenye sababu ya kiafya aieleze kwa upole.

Kabla ya kuondoka Eldoret, nunua kitu kwa mkulima mwenyewe au kwa kikundi chake: kipande cha jibini, chupa ya mala, au kibuyu kilichotengenezwa vyema. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Jibini imekaa nasi zaidi ya miaka mia moja, na bado wengi wanaokama maziwa yake hawajawahi kuila. Siku watakapojua kuitengeneza, kuila na kuiuza, lita 10 ambazo gari halikuja kuzichukua zitakuwa kilo moja rafuni, na si dimbwi jeupe kando ya barabara.